Maumivu ya Mgongo na Sayatika: Usilale, Mwone Mtaalamu wa Viungo

Saa kumi na moja alfajiri, steji ya Kahawa Sukari huwa tayari ina watu. Kuna anayekwenda ofisini Nairobi, kuna anayewahi zamu kiwandani Ruiru au Thika, kuna fundi aliyebeba mfuko wa vifaa vyake na mama anayekimbilia mboga sokoni Githurai. Ukitazama vizuri utamwona mmoja anayepanda matatu kwa kujivuta, mkono kiunoni, akiomba kiti cha mbele ili apate pa kunyoosha mguu. Akishuka, mguu mmoja umekufa ganzi, na hatua za kwanza anazipiga kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Mtu huyo aghalabu ameshapita njia ndefu. Alianza na vidonge vya duka la dawa, akadungwa sindano, akanunua mkanda wa kiunoni, kisha akalala sakafuni juu ya mkeka wiki nzima kwa sababu jirani alimwambia godoro ndilo linalomuumiza. Huenda hata ameshachangisha pesa za kupigwa picha ya MRI. Kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, hatua ambayo ingemfaa tangu mwanzo, ndiyo anayoifikia mwisho, na wakati huo kibarua kimeshapotea.

Fiziotherapia, ambayo wengine huiita tiba ya viungo, ni matibabu yanayotumia mwendo, mazoezi, mikono ya mtaalamu na maelezo ili kurudisha nguvu na utendaji wa mwili. Wengi hudhani ni kukandwa tu, au ni huduma ya waliopata kiharusi na waliovunjika mifupa. Lakini maumivu ya kiuno ndiyo yanayowalemaza watu wengi zaidi duniani kuliko tatizo jingine lolote la afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo.

Mguu unauma, shida iko mgongoni

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa mto mdogo ambao nje ni nyuzi ngumu na ndani ni kitu laini kama jeli. Kando ya kila diski hutoka mizizi ya neva. Mizizi mitano ya sehemu ya chini huungana kuwa neva ya siatiki, ambayo ni nene kuliko neva zote za mwili. Hupita makalioni, ikashuka nyuma ya paja, ikagawanyika karibu na goti na kufika mpaka vidoleni.

Diski ikipasuka upande wa nyuma, ile jeli hutoka na kubonyeza mzizi wa neva, na mahali hapo hupata uvimbe. Neva ikisumbuliwa pale kiunoni, ubongo hupokea habari kana kwamba inatoka mguuni. Ndiyo maana mtu hupaka dawa shavu la mguu mwezi mzima bila nafuu. Madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, ndio walioandika mwaka 1934 ripoti iliyoufanya ulimwengu wa tiba ukubali kuwa diski inaweza kuleta sayatika.

Watu husema “diski imeteleza”. Haitelezi. Diski imeshikamana na pingili za juu na chini yake kwa uthabiti mkubwa, na haiwezi kuchomoka ukiinama kuokota kijiko. Tunalisema hili kwa sababu neno hilo limewatia watu hofu hadi wakaacha kusogea kabisa, na hofu hiyo huwachelewesha kupona.

Si kila maumivu ya mgongo ni sayatika. Karibu tisa kati ya kumi wanaougua kiuno hawana sababu moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole: ni misuli, viungo na mishipa iliyochoshwa au kushtuliwa. Sayatika hujitambulisha kwa namna yake. Maumivu hushuka hadi chini ya goti, mara nyingi mguu mmoja tu. Huchoma au hupiga kama umeme, na huzidi ukikohoa, ukipiga chafya au ukikaa muda mrefu. Huenda ukahisi sindano-sindano au ganzi kwenye unyayo.

Dalili ambazo hazingoji mazoezi

Kabla hujaendelea kusoma, jiulize maswali haya. Je, umepata ganzi kwenye msamba, yaani sehemu inayogusa tandiko ukipanda baiskeli? Je, mkojo umegoma kutoka, au unakutoka bila habari, au choo hukizuii tena? Je, miguu yote miwili inalegea? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Mizizi ya neva ya chini ya uti wa mgongo inabanwa yote kwa pamoja, na upasuaji ukichelewa mtu anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu wa kibofu na miguu. Ni hali adimu, lakini kila saa ina thamani. Mguu unaozidi kukosa nguvu, kwa mfano ukitembea unyayo unaburuta, nao haupaswi kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kuna dalili nyingine zinazokwenda polepole. Maumivu yasiyotulia hata ukilala, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Ndiyo, TB hukaa hata kwenye mifupa, na wakati mwingine hutokeza kinundu mgongoni. Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya umma. Kwa wafugaji wetu, na kwa yeyote anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, kuna bruselosi, inayoleta homa za vipindi na maumivu makali ya kiuno. Aliyewahi kutibiwa saratani, aliyeanguka kutoka kwenye boda boda au jengo, na mzee aliyeteleza bafuni kisha mgongo ukaanza kuuma, wote waonwe na daktari kwanza. Mazoezi yatafuata baadaye.

Kitanda hakiponyi

Zamani hata madaktari waliagiza wagonjwa wa mgongo walale majuma mawili au zaidi. Ushauri huo umeachwa. Siku moja au mbili za kujipumzisha maumivu yakiwa makali si kosa, lakini kila siku inayoongezwa hapo huondoa nguvu za misuli inayoshikilia kiuno. Tena diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Hujipatia lishe kwa kunyonya majimaji ya jirani, na mwendo ndio unaoyasukuma majimaji hayo kuingia na kutoka.

Habari njema, ambayo haisemwi vya kutosha, ni kwamba sayatika nyingi hupoa. Mara nyingi mwili wenyewe huinyonya jeli iliyotoka, na uvimbe ukatulia baada ya wiki au miezi kadhaa. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na sayatika kali kwa wiki 6 hadi 12. Nusu yao walipangiwa upasuaji wa mapema, na nusu wakaendelea na matibabu bila kisu, wakipasuliwa tu pale ilipolazimu. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, hilo lisifichwe. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Katika kundi la pili, sita kati ya kumi hawakuhitaji upasuaji kamwe katika mwaka huo.

Kwa hiyo, kwa asiye na dalili za hatari, swali kubwa ni namna ya kuipita miezi hiyo akiwa bado anasimama, anafanya kazi na analala usingizi. Fiziotherapia ipo kwa ajili ya kazi hiyo.

Mtaalamu anafanya nini hasa

Siku ya kwanza sehemu kubwa ni mazungumzo na vipimo vya mikono. Atakuuliza maumivu yalianzaje, yanafika wapi, ukikaa inakuwaje, ukitembea inakuwaje, kazi yako ni ipi. Atakulaza chali na kuuinua mguu ulionyooka aone ni wapi neva inalalamika. Atakuambia utembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, kwa kuwa kila mzizi wa neva una misuli yake unayoitawala. Atagonga goti na kisigino kwa kinyundo cha mpira, na kugusagusa ngozi kutafuta palipokufa ganzi. Baada ya hapo huweza kukisia mzizi unaosumbuliwa bila mashine yoyote.

Kisha hutafuta mwelekeo unaokufaa. Jambo hili lina kisa chake. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye mguu ulimsumbua wiki nyingi bila nafuu. Siku hiyo alimwambia alale kifudifudi chumbani amsubiri. Upande mmoja wa kitanda ulikuwa umeachwa umeinuliwa na mgonjwa aliyetangulia, na huyu akalala hivyo hivyo, mgongo umepindwa kinyumenyume. McKenzie aliporudi dakika chache baadaye alishtuka, akidhani amemwumiza, lakini mgonjwa akamwambia kuwa maumivu ya mguu yametoweka. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga mbinu ambayo sasa inafundishwa nchi nyingi.

Alichokiona ndicho kipimo ambacho hata wewe unaweza kukitumia nyumbani. Ukifanya zoezi na maumivu yakatoka unyayoni yakapanda gotini, au yakatoka gotini yakapanda makalioni, hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea chini, zoezi hilo halikufai, liache. Wagonjwa wengi hukata tamaa kwa kutojua hili: kiuno kimeanza kuuma, wanafikiri wameharibika, kumbe mguu unapona.

Kwa wengi wenye diski iliyotokeza, zoezi la kuanzia ni kulala kifudifudi dakika chache. Ukizoea, inuka kwa viwiko. Baadaye sukuma kwa mikono ili kifua kiinuke huku nyonga zikibaki chini, mara kumi hivi, na urudie mara kadhaa kwa siku. Mtaalamu anaweza kuongeza zoezi la kuinua makalio ukiwa umelala chali na magoti umeyakunja, ambalo huimarisha misuli ya nyuma, na lile la kunyoosha na kukunja goti polepole ili neva iteleze vizuri katika njia yake. Hili la neva lifanywe kwa upole. Neva iliyovimba haipendi kuvutwa kwa nguvu.

Na kutembea, ambako watu hukudharau kwa sababu hakuuzwi. Anza na dakika kumi asubuhi na kumi jioni kwenye barabara tambarare za mtaani, uongeze kidogo kidogo kila wiki. Ngazi za daraja la waenda kwa miguu la Thika Road zitangoja mpaka mguu upate nguvu, ingawa hazikupi ruhusa ya kukatiza barabara chini.

Lakini usichukue mazoezi ya jirani wala ya video ya simu ukayafanya yako. Mzee wa miaka sabini ambaye miguu inamchoma akitembea hatua mia, kisha anapata nafuu akiketi au akiinamia mkokoteni, huenda mfereji wa neva mgongoni mwake umekuwa mwembamba. Mzee huyo kujipinda kinyumenyume kutamwongezea maumivu. Anahitaji kuinama mbele. Zoezi lililomponya kijana wake ndilo litakalomwangusha yeye.

Mpangilio wa kawaida ni vipindi kadhaa vilivyoachana kwa siku au wiki, na kazi kubwa iko nyumbani. Anayekuja kukandwa kila Jumatatu na kukaa bila kusogea mpaka Jumatatu nyingine anapoteza nauli yake.

Picha, mkanda, sindano na godoro

Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yanayozidi wiki 12. Linapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, tiba ya kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe kwa uangalifu. Halipendekezi mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Mwenye mkanda nyumbani hana haja ya kuutupa, ila asiutegemee.

MRI ni chombo kizuri mahali pake: pale penye dalili za hatari, au upasuaji unapopangwa. Shida ni kwamba inaonyesha mengi mno. Uchunguzi uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta kuzeeka kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi. Ripoti ikikuambia diski “imechakaa”, usikimbilie kuuza kiwanja kabla ya kuuliza kama uchakavu huo ndio unaouma.

Dawa kama ibuprofen na diclofenac husaidia kwa siku chache, lakini zikitumiwa holela huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, na mwenye shinikizo la damu anapaswa kumwuliza mhudumu wa afya kwanza. Kuhusu sindano ya makalio, kumbuka neva ya siatiki inapita hapo hapo. Sindano iliyochomwa mahali pasipo sahihi inaweza kuijeruhi neva yenyewe na kuulegeza unyayo. Usidungwe na mtu usiyejua kama amesomea.

Na godoro? Mwaka 2003 watafiti wa Hispania waliwagawia watu 313 wenye maumivu ya kiuno magodoro magumu na ya ugumu wa wastani. Waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Rudi kitandani.

Kazi zetu na migongo yetu

Mfuko wa saruji una kilo 50. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji ni kilo 20, na siku ambazo mifereji imekauka, mama mmoja hubeba mingapi kabla ya saa tatu? Hatuwezi kumwambia mtu aache kazi inayomlisha. Anachoweza ni kubadili jinsi mzigo unavyombana. Mzigo ulioshikwa karibu na tumbo huutesa mgongo kidogo kuliko ule ulioshikwa mbali, kwa hiyo usogelee kwanza, kunja magoti, kisha geuka kwa miguu badala ya kuzungusha kiuno. Mitungi miwili ya nusu, mmoja kila mkono, ni afadhali kuliko mmoja uliojaa upande mmoja. Mwashi na anayechimba mawe kule Ndarugu wanaweza kubadilishana kazi ya kuinua na mwenzao kila baada ya muda. Anayepanga nyanya chini ainuliwe meza au akalie kigoda. Mchuma kahawa anyooke kila anapomaliza mti.

Kwa wanaokaa, kama madereva, wanaboda na wenzetu wa ofisini, adui ni muda. Inuka kila nusu saa hivi. Dereva wa matatu asitie pochi nene mfuko wa nyuma wa suruali. Inabonyeza makalio pale pale neva inapopita.

Mwajiri naye asikie hili: anayerudi kazini mapema kwa kazi nyepesi hufanya vizuri zaidi kuliko anayeambiwa akae nyumbani mpaka apone kabisa.

Pa kuanzia

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukaguliwe na upewe barua ya rufaa. Kwa wakazi wa Kahawa Sukari na vitongoji vyake, hospitali ya kaunti ndogo ni Ruiru Level 4, na ya rufaa upande huu ni Thika Level 5. Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024; unaweza kujisajili kwa kupiga *147#. Uliza kwenye dawati la SHA la hospitali ni vipindi vingapi vinalipiwa kabla hujaanza, ili usikatishe matibabu katikati.

Ukiamua kwenda kliniki ya binafsi, una haki ya kuona usajili na leseni ya anayekuhudumia. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda baraza linalowasajili, na bango la “masaji ya mgongo” kando ya barabara si leseni.

Siku ya kwanza vaa nguo pana, suruali au kaptura inayopanda juu ya goti, kwa kuwa utachunguzwa mguu mzima. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba, na picha za zamani kama unazo. Andika kwenye karatasi ni wakati gani maumivu huzidi na ni wakati gani hupungua. Na kama huwezi kukaa ukisubiri foleni, mwambie mhudumu wa mapokezi kisha utembeetembee kwenye veranda.